Habari za Galen, Tabibu wa Wayunani

Kila mtoto wa pwani amjua kaa. Maji yanapokupwa huonekana akikimbia mchangani kwa upande, na mtu amkamataye pasipo uangalifu hujuta, kwa kuwa kaa akishika hashiki kwa mzaha. Mwili wake ni mgumu, na miguu yake imetoka ubavuni, huku na huku. Basi ajabu ni hii, ya kwamba kiumbe huyu mdogo ametoa jina lake kwa ugonjwa mmoja unaoogopwa katika nchi zote za dunia. Ugonjwa huo twauita saratani. Neno hilo tumelipata kwa Waarabu, na maana yake kwao ni kaa. Wengine huuita kansa, nalo neno hilo asili yake ni Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, na maana yake vilevile ni kaa. Lakini si Waarabu wala Warumi waliolibuni jina hili. Wote walilifasiri kutoka lugha ya Wayunani, ambao kaa walimwita karkinos.

Je, jina hili lilianzaje, na kwa njia gani limetufikia sisi? Ili tujue jambo hilo yatupasa kusoma habari za maisha ya Galen, tabibu aliyesifiwa kuliko wote katika siku zake. Si yeye aliyelitumia kwanza. Zaidi ya miaka 500 kabla yake, Hippocrates wa kisiwa cha Kos na wanafunzi wake walikuwa wakiviita kwa jina la kaa vidonda visivyopona na uvimbe mbaya wa mwili. Lakini Galen ndiye aliyetueleza wazi jinsi kaa huyo anavyoonekana.

Galen alizaliwa mwaka 129 baada ya Kristo, katika mji wa Pergamo, ambao ni mmoja wa miji saba iliyotajwa katika kitabu cha Ufunuo. Nchi hiyo siku hizi ni Uturuki. Wakati ule ilikuwa chini ya Kaisari wa Roma, lakini watu wake walisema Kiyunani. Pergamo ulikuwa mji mkubwa, wenye majumba ya mawe, na maktaba mashuhuri, na hekalu la Asklepios, ambaye Wayunani walimwabudu kama mungu wa uponyaji. Wagonjwa walitoka mbali wakaja kulala hekaluni humo, wakitumaini kuonyeshwa dawa katika ndoto.

Baba yake aliitwa Nikon. Alikuwa mjenzi bingwa na mjuzi wa hesabu, mtu mpole, wa haki, asiyekasirika upesi. Mama yake alikuwa wa tabia nyingine kabisa. Galen mwenyewe ameandika kwamba mama huyo alikuwa mwepesi wa hasira, hata mara nyingine aliwauma vijakazi wake kwa meno, na kila siku aligombana na mumewe. Kijana akaziona tabia hizi mbili katika nyumba moja, akaazimu moyoni mwake kuifuata ile ya baba na kuikimbia ile ya mama. Azimio lake lilikuwa jema, ingawa tutaona kwamba ulimi wa mama haukumtoka kabisa.

Nikon alimfundisha mwanawe hesabu kwa nafsi yake. Alipotimiza miaka 14 akampeleka kwa walimu wa falsafa, wa vyuo mbalimbali. Akamwonya asijifunge na chuo kimoja kwa upesi, bali awasikilize wote, na kuyapima maneno yao, kama vile mjenzi apimavyo ukuta kwa timazi. Onyo hilo Galen hakulisahau maisha yake yote. Hata alipokuwa na umri wa miaka 16 hivi, baba yake aliota ndoto, akafahamu kwamba imempasa kijana huyu kusoma utabibu. Hivyo akaanza kujifunza kazi ya kutibu katika mji wake mwenyewe.

Baada ya miaka michache Nikon akafa. Galen alikuwa na miaka 19, naye aliachiwa mali ya kutosha kumstarehesha nyumbani. Lakini hakukaa nyumbani. Alitumia urithi wake kutafuta elimu. Alikwenda Smirna kumsikiliza mwalimu mmoja mashuhuri, akavuka bahari kwenda Korintho, na mwisho akafika Iskanderia katika nchi ya Misri. Katika mji huo mwanafunzi aliweza kuitazama mifupa ya mwanadamu kwa macho yake, jambo lililokuwa gumu kupatikana mahali pengine. Baadaye Galen aliwahimiza wanafunzi wote wa utabibu waende Iskanderia, hata kama ni kwa ajili ya kuiona mifupa tu, kwa sababu kusoma habari ya mfupa kitabuni si sawa na kuushika mkononi.

Mwaka 157 alirudi Pergamo, akiwa na umri wa miaka 28. Siku zile Warumi walikuwa na desturi moja ya kikatili. Waliwapiganisha watu kwa panga na mikuki katika viwanja vikubwa, na umati ulikaa kutazama kama sisi tutazamavyo mchezo wa mpira. Wapiganaji hao walikatwa vibaya, na wengi wao walikufa kwa majeraha yao. Kuhani mkuu wa mji alitaka tabibu wa kuwauguza. Galen akaja mbele ya watu na kima mmoja, akampasua tumbo, matumbo yakatoka nje. Kisha akawaambia matabibu wazee waliokuwapo wayarudishe ndani na kumshona. Hakuna aliyethubutu. Basi Galen akaifanya kazi hiyo mwenyewe, na kazi ya kuwauguza wapiganaji akapewa yeye.

Akawahudumia kwa muda wa miaka kadhaa. Aliosha majeraha yao kwa mvinyo, akayafunga kwa vitambaa, akayaangalia kila siku, na waliokufa mikononi mwake walikuwa wachache kuliko wale waliokufa mikononi mwa waliomtangulia. Tena, kwa kuwauguza watu hao, alijifunza mambo mengi juu ya nyama za mwili, na mishipa, na mifupa. Hivyo mahali pale pa ukatili palimpa maarifa ya kuokoa watu wengine.

Mwaka 162 alikwenda Roma, mji mkuu wa dola yote. Huko alikuwa mgeni asiyejulikana. Hata siku moja mzee mmoja mwanafalsafa, jina lake Eudemus, mtu wa Pergamo kama yeye, alishikwa na homa kali. Matabibu wakuu wa Roma walikuwa wamekwisha kukata tamaa. Galen akamtibu, akapona, na habari zake zikaenea katika nyumba za wakubwa. Mkubwa mmoja, Flavius Boethus, alimpa vipande 400 vya dhahabu kwa kumponya mke wake.

Lakini kwa kadiri sifa zake zilivyozidi, na adui zake walizidi. Galen hakuweza kuuzuia ulimi wake. Aliwaita matabibu wa Roma wajinga na wapenda fedha, naye alijisifu mno katika vitabu vyake. Maneno yake mengi yalikuwa ya kweli, lakini kweli ikisemwa kwa dharau huzaa chuki.

Na tuitazame sasa kazi iliyompa heshima ya kweli. Wakati ule wanafalsafa wengi waliamini kwamba akili na sauti ya mtu hutoka moyoni. Galen alisema kwamba mambo hayo huongozwa na ubongo. Wakataka aonyeshe. Basi mbele ya kusanyiko la wasomi na wakubwa alileta nguruwe aliye hai, akaitafuta mishipa midogo ya fahamu iliyo shingoni, akaipitishia nyuzi. Nguruwe alikuwa akilia kwa nguvu. Galen alipoikaza nyuzi, sauti ikakoma mara moja, ingawa mnyama aliendelea kupumua na moyo wake ulipiga kama kwanza. Alipoilegeza, sauti ikarudi. Waliokuwapo walistaajabu. Alifundisha pia kwamba mishipa itokayo moyoni huchukua damu, wala si hewa kama wengine walivyonena. Aliufunga mshipa mahali pawili, akaupasua katikati, na kilichotoka kilikuwa damu. Alipoulizwa jambo hakupenda kujibu kwa maneno matupu, bali alitaka watu watazame.

Kwa jicho hilohilo aliutazama ugonjwa wa kaa. Ameandika kwamba mara nyingi aliona katika matiti ya wanawake uvimbe uliofanana sawasawa na mnyama huyo. Katikati pana uvimbe mgumu, kama mwili wa kaa. Pembeni pana mishipa ya damu iliyofura, imetandaa pande zote mbili, kama miguu yake. Mtu asiyepata kumtazama mgonjwa kwa makini asingaliweza kusema hivyo. Jina hilo halikutungwa na mshairi aliyekaa kivulini, bali limetoka kwa watu walioinama juu ya kitanda cha mgonjwa na kuangalia.

Galen akaongeza neno moja la kufaa sana. Alisema kwamba ugonjwa huu ukitambuliwa mapema, ungali mdogo, yeye ameweza kuuponya, bali ukiisha kukua hapana awezaye kuuponya pasipo kisu. Katika nyakati zile, ambapo hapakuwa na dawa ya kumlaza mgonjwa asisikie maumivu, kisu kilikuwa jambo la kutisha mno. Kwa hiyo mapema ilikuwa ndilo tumaini.

Lakini alipojaribu kueleza chanzo cha ugonjwa, hapo alikosea. Wayunani walifundisha kwamba mwilini mna maji ya namna nne: damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Neno hilo belghamu, ambalo hata sisi twalitumia kwa makohozi mazito, asili yake nalo ni Kiyunani, tena limepita kwa Waarabu kama lilivyopita saratani. Galen alidhani kwamba nyongo nyeusi ikizidi na kuganda mahali pamoja ndiyo izaayo uvimbe wa kaa. Siku hizi tumejua kwamba mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo mno, zisizoonekana kwa macho matupu, na kwamba saratani hutokea chembe hizo zinapozaana pasipo kiasi na kuingia mahali pasipo pao. Nyongo nyeusi haipo.

Mwaka 166 Galen aliondoka Roma akarudi kwao. Wakati huo tauni kubwa ilikuwa ikienea katika dola yote, na wengi huidhani kuwa ilikuwa ndui. Baada ya muda si mrefu Kaisari Marcus Aurelius alimwita aje kwenye jeshi lake huko Aquileia, kaskazini mwa Italia, nako tauni iliua watu wengi. Kaisari alitaka afuatane naye vitani, lakini Galen aliomba aachwe Roma, akapewa kazi ya kumwangalia Commodus, mwana wa Kaisari. Kwa njia hiyo aliepukana na vita, akapata nafasi ya kuandika. Akaandika kwa bidii ya ajabu, juu ya mifupa, mapigo ya mishipa, homa, vyakula, dawa na falsafa. Vitabu vyake vilivyosalia, vilipopigwa chapa katika Ujerumani karne ya 19, vilijaa majuzuu 22.

Na vingi havikusalia. Mwaka 192 moto mkubwa ulitokea Roma, ukateketeza ghala alimoweka mali yake. Vitabu alivyoviandika, vitabu vya wengine alivyovisahihisha kwa mkono wake, dawa za thamani zilizotoka nchi za mbali, na vyombo vya kazi yake, vyote vikawa majivu. Alikuwa mtu wa miaka 63. Rafiki yake alimwandikia akitaka kujua amewezaje kuvumilia msiba huo pasipo kuvunjika moyo, naye Galen akamjibu kwa barua ndefu juu ya kutohuzunika. Barua hiyo ilipotea karne nyingi, hata ilipoonekana tena mwaka 2005 katika nyumba ya watawa huko Thesalonike, katika Ugiriki.

Alifanya nini baada ya moto? Alikaa chini akaandika tena. Vitabu ambavyo rafiki zake walikuwa na nakala zake viliokoka, na vingine ambavyo havikuwa na nakala alivitunga upya tangu mwanzo. Hapo twaona neno la kutufaa: elimu aliyoifungia ghalani iliungua, bali elimu aliyowapa wengine ilisalia. Akafa mzee sana, yapata mwaka 216.

Miaka mingi ikapita, na dola ya Roma ikaanguka upande wa magharibi. Katika nchi za huko watu walioweza kusoma Kiyunani walikuwa wachache. Lakini katika karne ya 9, katika mji wa Baghdad, palikuwa na mwanachuoni Mkristo aliyeitwa Hunayn ibn Ishaq. Huyu alijua Kiyunani, Kisiria na Kiarabu, naye alijitoa kuvifasiri vitabu vya Galen. Kwanza alikusanya nakala nyingi za kitabu kimoja, akazilinganisha mstari kwa mstari, ndipo akafasiri. Kitabu kimoja alikitafuta katika nchi za Shamu, na Palestina, na Misri mpaka Iskanderia, na baada ya safari hizo zote alikipata nusu yake tu, mjini Dameski. Kwa kazi ya watu kama Hunayn, matabibu wa Kiarabu wakamsoma Galen, na karkinos akawa saratani. Neno hilo likavuka bahari pamoja na lugha ya Kiarabu, likafika pwani yetu, likawa neno la Kiswahili.

Sasa likaja jaribu jingine. Galen alisifiwa mno, hata watu wakaacha kutazama. Aliposema kitabuni kwamba taya la chini la mtu lina mifupa miwili, wote walikubali. Yeye alikuwa amepasua zaidi wanyama, kwa maana desturi ya Warumi haikuruhusu kupasua maiti za watu, na kwa sababu hiyo alikosea mahali pengi. Kati ya mwaka 1200 na 1202 njaa kubwa iliua watu wengi Misri. Tabibu mmoja, Abd al-Latif wa Baghdad, alikuwa huko, akayachunguza mafuvu mengi sana. Akaona kwamba taya la chini ni mfupa mmoja tu. Akaandika hivyo waziwazi, akisema kwamba ingawa Galen astahili heshima kubwa, macho yastahili kuaminiwa zaidi. Mwaka 1543 Andreas Vesalius alichapisha kitabu chake juu ya mwili wa mtu, akasahihisha makosa mengi ya Galen. Na mwaka 1628 William Harvey, tabibu wa Uingereza, alionyesha kwamba damu huzunguka mwilini ikisukumwa na moyo, jambo ambalo Galen hakulijua.

Je, watu hawa walimvunjia Galen heshima? Sivyo. Waliomvunjia heshima ni wale waliokariri maneno yake pasipo kutazama, maana waliacha lile lililokuwa kubwa kuliko yote katika mafundisho yake. Mwanafunzi mwema hupokea maarifa ya mwalimu wake kwa shukrani, kisha hutumia macho yake mwenyewe, kama Nikon alivyomfundisha mwanawe.

Basi tusikiapo neno saratani, tukumbuke safari yake: kutoka Kos mpaka Pergamo, kutoka Pergamo mpaka Roma, kutoka Kiyunani mpaka Kiarabu huko Baghdad, na kutoka Kiarabu mpaka kwetu. Tena tukumbuke lile onyo lililosafiri pamoja nalo. Hata leo wako watu wanaoficha uvimbe kwa aibu, au kwa hofu ya jina lake tu, hata siku ya kwenda hospitali ugonjwa umekwisha kutandaza miguu yake. Matabibu wa leo wana kisu kisicholeta maumivu, na mionzi, na dawa ambazo Galen hakuziota. Lakini wanasema kama yeye alivyosema zaidi ya miaka 1800 iliyopita, ya kwamba heri mgonjwa ajaye mapema, kaa angali mdogo.